Barua ya wazi kwa wanaosimamia vyuo vya ufundi Lamu: mfungulieni mlango fundi asiye na cheti

Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, waheshimiwa madiwani wa Bunge la Kaunti, na Katibu wa Wizara unayesimamia vyuo anuwai huko Nairobi,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mzaliwa wa Matondoni, nimeolewa Langoni, na maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza katika elimu ya watu wazima, ile ambayo wengi bado mwaiita ngumbaru. Niliingia kazini wakati kampeni ya kitaifa ya kisomo iliyoanza mwaka 1979 ingali moto. Wanafunzi wangu walikuwa wavuvi, wauza mahamri, wasukaji makuti, na mama waliotaka kusoma wenyewe barua za watoto wao walioko Mombasa na Arabuni. Nawaandikia kwa sababu ya jambo lililompata kaka yangu, na kwa sababu naamini uwezo wa kulitengeneza mnao tayari mikononi.

Kaka yangu ni fundi wa majahazi. Alianza akiwa mtoto, kazi yake ni kuvuta keke, kile chombo cha kutobolea mbao, na kukoroga sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao. Baadaye akapewa tezo ya kuchongea mbao. Sasa yeye ndiye anayelaza mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Hachori kitu kwenye karatasi. Huutazama mkuku ulivyolala, akapima kwa kamba na kwa jicho, na mataruma, zile mbavu za chombo, yakakaa pale yanapotakiwa kukaa. Mashua zilizotoka mikononi mwake ziko Faza, ziko Kizingitini, ziko Kiunga, na watu wanawapandisha humo watoto wao bila ya hofu.

Miaka michache nyuma, chuo kimoja cha ufundi kilimwita awafundishe vijana wa useremala. Alikwenda muhula mzima, akivuka maji asubuhi na kurudi jioni. Vijana walimpenda. Ulipofika wakati wa malipo, akapewa fomu iliyokuwa na nafasi ya kuandika namba ya cheti chake. Hakuwa na namba. Walimwambia kwa adabu kwamba utaratibu hauruhusu kumlipa kama mkufunzi. Alirudi nyumbani na mfuko wake wa zana, akaniambia, "Dada, wameuliza namba, nami sina." Akanyamaza. Kesho yake alfajiri alikuwa bandani akipiga kalfati, akiziba mianya ya mbao, kama kawaida.

Mwaka uliofuata alikwenda kutafuta kibarua kwa mkandarasi aliyekuwa akijenga upande wa bara. Huko nako aliulizwa cheti.

Ombi langu kwenu ni moja. Nataka chuo cha umma cha Lamu kiwe na mlango ambao mtu kama kaka yangu anaweza kuupitia kwa njia mbili: aingie akatoke na cheti kwa ujuzi alionao, na aingie akafundishe. Haya mengine yote nitakayoyasema yanazunguka hapo.

Nianze mbali kidogo. Mtoto wa marehemu dada yangu anaishi Marekani, jimbo la Illinois. Alifika huko akifanya usafi wa maofisi usiku. Asubuhi akaanza kusoma katika chuo cha jamii kilicho karibu na nyumba aliyopanga, kwanza Kiingereza, kisha hesabu alizozisahau, kisha uuguzi. Leo ni muuguzi. Nilimwuliza kwenye simu, "Walikuchukua vipi na alama zako zile?" Akanijibu kwamba hawakumtaka alama za kujivunia. Walimpa mtihani mdogo wa kujua aanzie darasa gani, wakampanga huko. Mimi niliyefundisha ngumbaru nilifurahi mno, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya sisi: mtu akija, humfukuzi, unamwuliza amefika wapi na mnaanzia hapo.

Nikawa na hamu ya kujua vyuo hivyo vilitoka wapi. Cha kwanza cha umma kilichodumu hadi leo kilianza mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo hilohilo la Illinois. Waliokianzisha ni watu wawili: J. Stanley Brown, aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari ya mji huo, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walianza na wanafunzi sita. Sita tu, waheshimiwa, na ndani ya jengo la shule ya sekondari iliyokuwapo. Nia ilikuwa kijana asome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama nyumbani kwao, kisha aendelee mbele na masomo yake yahesabiwe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali yao iliwalipia karo askari waliorudi, kwa sheria ya mwaka 1944, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikapendekeza vyuo vya namna hiyo vienezwe nchi nzima, viwe karibu na watu na vihudumie mji mzima. Hapo ndipo jina la chuo cha jamii lilipoenea. Sasa viko takriban 1,000. Mwanafunzi wa miaka kumi na minane hukaa benchi moja na mama wa miaka hamsini. Hapa mmoja anasomea ufundi wa kuunganisha vyuma, pale mwingine anasomea uuguzi, na wa tatu anapita tu akielekea chuo kikuu.

Sivipambi vyuo hivyo. Wengi wanaoanza huko hawamalizi, na mpwa wangu mwenyewe aliachwa na wenzake njiani mmoja baada ya mwingine, huyu kazi imemzidi, yule mtoto ameugua. Kilichonigusa ni mpango wenyewe: kwamba mji ulijiuliza watu wake wako vipi na wanaweza saa ngapi, ndipo chuo kikapangwa.

Na sisi Kenya tuliwahi kuwaza hivyohivyo. Politekniki za vijiji zilizaliwa miaka ya 1960 baada ya Baraza la Makanisa kuuliza vijana wanaomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari waende wapi. Wazo la mwanzo lilikuwa zuri sana: kijiji kiangalie kazi zilizopo hapo, kitafute fundi wa hapo, kifundishe kinachohitajika hapo, na masomo yanayokwisha kazi yaachwe yaje mengine. Fundi wa kijiji alikuwa ndiye mwalimu. Miaka ilivyokwenda zikaitwa politekniki za vijana, kisha vituo vya mafunzo ya ufundi, mitihani ikawa ya taifa, masharti yakaongezeka. Sipingi masharti. Jengo likianguka kwa uashi mbovu watu hufa. Lakini katika kubadilishwa huko, fundi wa kijiji alitoka mlangoni na hakuna aliyemwita arudi.

Katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi hii. Naomba mfungue Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kifungu cha 9. Hapo pameandikwa kwa pamoja elimu ya chekechea, politekniki za vijiji, vituo vya ufundi wa nyumbani na mahali pa kulelea watoto. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Walioandika wameweka chuo cha ufundi na malezi ya watoto wachanga katika pumzi moja, na mimi nasema hawakukosea. Katika darasa langu la jioni, mama walioacha masomo hawakuacha kwa uvivu. Waliacha kwa sababu mtoto alilia na mwenye kumshika hakuwepo. Nilikuwa nikifundisha herufi huku nimempakata mtoto wa mtu. Chumba kimoja chenye mikeka na mlezi mmoja anayelipwa, ndani ya ua wa chuo, kitaleta wanafunzi wanawake wengi kuliko matangazo yote ya redio. Na kwa kuwa mambo yote mawili yako chini ya kaunti, Mheshimiwa Gavana, huhitaji kuandikia Nairobi barua kuomba ruhusa.

Sasa masomo yenyewe. Vituo vingi hufundisha ushonaji, useremala, uashi, umeme wa nyumba, ususi, upishi, kompyuta na makanika wa magari. Yote yana faida, na kwa ndugu zetu wa Mpeketoni, Hindi na Witu hayo ya magari ni ya lazima. Lakini sisi wa visiwani tumezungukwa na maji. Mji wa Amu, yaani Lamu, ni wa punda, mikokoteni, sasa na bodaboda. Safari yetu ya kwenda hospitali, kortini au sokoni ni ya boti. Mashine ya Yamaha ikifa katikati ya mkondo wa Mkanda na abiria wamo ndani, anayeitengeneza ni kijana aliyejifunza kwa kumtazama mjomba wake. Wako vijana wenye kipaji kikubwa cha mashine za boti hapa ufukweni, na hakuna hata mmoja wao ninayemjua aliye na karatasi ya kuonyesha. Tufundishieni mashine za boti. Tufundishieni kuziba boti za faiba, mafriji na mitambo ya barafu, maana samaki wetu wanaoza tukitazama. Nahodha wa boti ya abiria anatakiwa awe na mafunzo na leseni, na ni haki, kwa sababu tumezika watu. Lakini chuo cha ubaharia cha serikali kiko Mombasa, na kijana wa Ndau hawezi kuacha kazi ya siku akaenda kulala Mombasa kwa masomo. Chuo hicho na kaunti waketi, masomo yaje Lamu japo mara mbili kwa mwaka.

Na kuna mji wenyewe. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, zimechongwa ukutani kwa mkono. Nyumba hizi hazipendi saruji. Ukizipiga plasta ya saruji unyevu hukwama ndani, chokaa ya zamani ikamong'onyoka, na ukuta uliosimama miaka mia mbili ukaanza kutoka vipande. Mafundi wa chokaa wamebaki wachache na umri wao ni mkubwa. Kila mmoja anapokwenda mbele ya haki, anakwenda na kipimo chake cha mchanga na chokaa, na namna yake ya kuiloweka. Ni wapi tutakapomwandikia kijana somo hilo, kama si katika chuo cha umma cha kaunti hii? Chicago hawawezi kutufundishia. Wachongaji wa milango nao ni hivyo, ingawa hao angalau wageni huwanunulia kazi na vijana bado wanakuja.

Nimefika kwenye kaka yangu. Sheria ya mwaka 2014 iliunda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia sifa za masomo, na serikali imekwisha kuweka sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila ya kukaa darasani. Anayeomba huonyesha kazi zake, huhojiwa, hupimwa kwa vitendo, na akifaulu hupewa cheti cha ngazi yake. Nilipolisoma jambo hili nililia, kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliomba tangu nikiwa mwalimu mpya. Lakini kupimwa kunataka mambo mawili. Kwanza, kituo kilichoidhinishwa kilicho karibu. Pili, kiwango cha kazi kilichoandikwa, kwa sababu mpimaji hupima kwa kiwango. Fundi wa jahazi hawezi kupimwa kwa kiwango cha fundi wa viti na kabati. Atashindwa kwenye maswali ya gundi na kufaulu kwenye mambo ambayo hakuulizwa.

Viwango hivi huandikwa na watu wa kazi wenyewe wakikaa pamoja na wataalamu wa mitaala. Basi, Katibu, walete wataalamu wako Matondoni. Wakae na wazee bandani siku kadhaa. Waandike: anayeanza ajue nini, wa kati ajue nini, anayelaza mkuku ajue nini. Kuchagua mti, kupinda mbao kwa moto, kupiga kalfati kwa pamba, kutia misumari bila kupasua, kusimamisha mlingoti, kukata tanga. Wazee wataeleza kwa Kiamu na nyinyi mtaandika kwa lugha ya ofisi. Niko tayari kukaa katikati kama mkalimani bila ya malipo. Mkishamaliza majahazi, nendeni kwa mafundi wa chokaa, kisha Siyu, ambako kazi ya ngozi ilisifika pwani nzima.

Mtu akishapata cheti hicho, fomu ya chuo itakuwa na namba ya kujazwa. Ataweza kulipwa kama mkufunzi. Na kijana anayejifunza chini yake katika banda la Matondoni atakuwa mwanafunzi wa chuo, hata kama haketi darasani isipokuwa siku moja kwa wiki kwa hesabu, usalama na kompyuta. Nani amesema karakana ya chuo lazima iwe ndani ya ua wa chuo? Karakana ziko tayari, zimeezekwa makuti, zina mwalimu na zina kazi ya kweli inayosubiri mwenyewe aje aichukue.

Jambo la wakati pia naomba msilipite haraka. Kalenda ya vyuo imepangwa na watu wasiojua pepo zetu. Kaskazi ikivuma bahari hutulia, wavuvi hutoka, kamba wa Kiunga na Kizingitini hupatikana, kila nyumba ina mtu majini. Huo ndio wakati ambao vijana hutoweka chuoni, na wakufunzi husema hawana nidhamu. Hawakukosa nidhamu, wamekwenda kutafuta chakula. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, bahari ya nje huchafuka, mashua ndogo hukaa, na vijana haohao hukaa barazani miezi mitatu, minne. Hebu pangeni masomo mafupi mazito ndani ya kusi, na mepesi ya jioni wakati wa kaskazi. Serikali yenyewe imeanza kuyagawa masomo ya vyuo anuwai katika vipande vifupi ambavyo mtu humaliza kimoja akapata alama yake kisha akarudi kwa kingine. Mpango huo ni kama ulipangwa kwa ajili ya mvuvi. Utumieni.

Kuhusu bandari mpya ya Lamu sitasema mengi kwa sababu yamesemwa. Mwaka 2012 marais walikuja kuweka jiwe la msingi, tukaambiwa gati 32 na kazi kwa vijana wetu. Gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walioathirika walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa hiyo hasara yao imekubaliwa mbele ya sheria. Mvuvi wa miaka arobaini ambaye mlango wake wa bahari umefungwa hawezi kuambiwa akafanye tena mtihani wa kidato cha nne. Anahitaji chuo kitakachomuuliza anajua nini. Anajua mikondo, anajua nanga, anajua kamba na mafundo yake, anajua kusoma hali ya hewa kwa kutazama upande wa Manda alfajiri. Hiyo ni nusu ya mafunzo ya baharia wa bandarini. Mwongezeeni nusu iliyobaki.

Najua mtaniuliza pesa. Jengo jipya si ombi langu, na naogopa sana majengo mapya yanayofunguliwa kwa ngoma kisha yakakaa bila wakufunzi. Ngumbaru tuliifundishia ndani ya shule za msingi, watoto wakishatoka, kwa taa ya karabai. Joliet walianza ndani ya shule ya sekondari. Pesa zenu zitieni kwenye mambo matatu nitakayoyataja hapa: malipo ya mafundi watakaofundisha, yule mlezi wa watoto, na bweni la vijana wa Pate, Ndau na Kiunga, kwa sababu nauli ya boti ya kila siku ndiyo inayowatoa masomoni kabla ya kitu kingine chochote. Bweni la wasichana litangulie. Mzazi wa Kiunga hatamwachia binti yake akapange chumba mjini, na mimi nikiwa mzazi simlaumu.

Waheshimiwa, nimesubiri miezi kabla ya kuandika kwa sababu kaka yangu hapendi kusemwa hadharani. Nilimwomba ruhusa, akafikiri siku mbili, akasema niandike lakini nisitaje chuo wala mtu, kwa kuwa waliomrudisha walikuwa wakifuata karatasi waliyopewa. Nimefanya alivyotaka.

Hivi sasa analo jahazi moja chini ya makuti, mkuku umelazwa na mataruma ya mbele yamesimama. Amesema hatafunga mbao za ubavuni mpaka kusi ianze, ili mtu akitaka kuja kutazama na kuandika, aone mifupa yote iko wazi. Anakuwepo tangu baada ya alfajiri mpaka adhuhuri, isipokuwa Ijumaa. Kutoka Amu mnaweza kuja kwa boti maji yakijaa, au kwa punda njia ya nchi kavu. Njooni na fomu zenu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima,
Langoni, Lamu